Jina la Cucu Nyaguthii

Nakumbuka Jumamosi moja pale Skuta, katika ile miaka ya tisini, baridi ya Julai ilikuwa imeshika mji wote wa Nyeri na mlima haukuwa umejifunua tangu asubuhi. Mwanangu, sogea karibu na jiko. Hadithi hii haina haraka, na mimi mwenyewe nikianza kusimulia huwa napenda kuzungukazunguka kidogo kabla ya kufika.

Tata Wambui alikuwa ameketi kwenye veranda akipima mabega ya mtoto wa jirani. Alikuwa dada mdogo wa mama yangu, na kwetu dada ya mama huitwa tata. Kazi yake ilikuwa kufuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, ile ambayo ukiivuta inalia kama panzi mkubwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, masomo yakaishia hapo, ndipo mama akanipeleka kwake nijifunze kuunga mikono ya masweta na kushona vifungo. Sikusikitika sana, nikuambie ukweli. Nilikuwa msichana wa kuota ndoto mchana. Nilijua kabisa kwamba siku moja nitakuwa mtangazaji wa redio, na kila nilipokoroga uji nilishika mwiko mbele ya mdomo nikasoma habari za ploti yetu, yaani wapangaji wa uani mmoja: nani ameanika nguo juu ya za mwenzake, kuku wa nani amepotea. Tata alikuwa akicheka mpaka uzi unamtoka mkononi.

Sasa, mama wa yule mtoto aliyekuwa akipimwa alikuwa na ulimi mrefu. Akasema, "Wambui, wewe unajua mabega ya watoto wa watu kuliko wenyewe. Wako utampima lini?"

Tata hakuinua hata kichwa. "Nikipewa, nitampima na yeye. Simamisha shingo, mtoto mzuri, kola isije ikakukaba."

Mimi ndani ya moyo nilichemka. Nikajibu kutoka mlangoni, "Huyo wako umepima nini na hata soksi hana?"

"Muthoni," Tata akasema polepole, "ingia ndani uangalie maharagwe."

Maharagwe yalikuwa yameiva tangu asubuhi. Nikaingia.

Mwanangu, ili uelewe uzito wa maneno yale, lazima nikueleze jambo moja la kwetu. Mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huwekwa kando. Anakuwa Mama Kamau, Mama Wanjiru, na hata kanisani akiombewa anatajwa hivyo. Tata alikuwa ameolewa miaka mingi na bado watu walimwita Wambui tu, kama msichana. Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Binti wa kwanza wa nyumba hupewa jina la mama wa baba yake. Siyo kupewa tu. Kwa imani ya watu wetu, nyanya amezaliwa tena, na atamwita huyo mtoto kama anavyojiita mwenyewe. Binti wa pili ndiye hupewa jina la mama wa mama. Hivyo ndivyo watu wetu wasivyopotea duniani.

Mume wa Tata aliitwa Ndirangu. Alikuwa seremala kule Sagana, mtu mpole, anarudi Skuta mwisho wa wiki na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake, Cucu Nyaguthii. Cucu ni nyanya, na huyu wetu aliishi shambani upande wa Kiganjo. Angalia basi jinsi kamba ilivyokuwa moja. Kama Ndirangu hangepata binti, jina la Nyaguthii lingeingia kaburini na mwenyewe, na hapana mtu mwingine chini ya jua wa kulibeba.

Cucu alikuwa mama mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka pamoja na miaka yake yote ya kubeba kuni. Alikuwa akija kututembelea na viazi, na ndizi, na maneno. Ataketi, atapewa chai, ataangalia tumbo la Tata kama mtu anavyoangalia mawingu wakati wa kiangazi. Halafu aseme, "Bibi ya Ndirangu, mimi nimezeeka. Ati nitaenda hivi hivi tu?"

"Hutaenda hivi hivi, Maitu," Tata alikuwa akijibu. Maitu ni kusema mama yangu. "Mungu hajalala."

"Hajalala, lakini mimi nataka kulala."

Siku moja baada ya Cucu kuondoka nilianza kumsema. Nilisema ana roho mbaya, anakuja kunywa chai yetu na kutuachia huzuni. Tata aliacha mashine yake. Hakuwa mtu wa hasira, lakini siku hiyo alinikemea nikasikia mpaka miguuni.

"Nyamaza, Muthoni. Yule mama hanichukii. Anaogopa kupotea. Wewe umewahi kuogopa kupotea? Mtu anayeogopa humpiga hata anayemwokoa. Ukimjibu vibaya tena, utarudi kwa mama yako na sindano zako."

Nilistaajabu. Ulimi hauna mfupa, na wa Tata ulikuwa na kila sababu ya kuuma, lakini aliufunga kwa huruma. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake, wanasema. Yeye alikuwa na kunguni wa kitanda chake, na bado alikuwa na nafasi ya kufikiria kunguni wa kitanda cha mwenzake.

Na maombi yake, mwanangu. Sijaona mtu wa kuomba kama yeye. Hakupiga kelele. Alizungumza na Mungu akimenya viazi, kama vile Mungu ameketi kwenye kile kigoda kingine akimsaidia kumenya. "Baba, unaniona nilivyo. Mimi bado nangoja. Lakini hata leo asante, baridi imepungua." Wakati mwingine alikuwa akimtania kidogo: "Wewe hukawia, lakini sijawahi kusikia umepotea njia." Mimi kwa upande wangu nilikuwa nikimwomba Mungu kwa maelekezo mengi. Nilimwambia mtoto awe msichana, azaliwe mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa, na awe na vishimo mashavuni.

Basi mambo yakakaza. Mzee Kariuki, ndugu ya marehemu baba yake Ndirangu, alikuja kutoka Kiganjo na kofia yake na fimbo yake, akaketi na Ndirangu huko nje karibu na mtungi wa maji. Niliyasikia yote, maana mtangazaji wa redio lazima asikie.

"Kuna msichana wa watu wazuri," alisema. "Nyumba haisimami na nguzo moja iliyooza."

"Baba mdogo, mimi niko na bibi."

"Uko na bibi, lakini uko na nini? Mama yako analia. Tunakupa mpaka mwisho wa mwaka huu. Ukikataa, sisi wa mbari, ukoo wako, tutajua tulikuwa na mtoto wa kike."

Ndirangu alikuwa akiokota vipande vya mbao na kuvitupa, kuokota na kutupa. Jioni ile alimweleza Tata kila neno, na Tata akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ni mwanaume mzuri, Ndirangu. Sitakushika kwa nguvu. Lakini tumpe Mungu nafasi ya kusema kabla mzee hajamaliza." Nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, ili nisionekane ninalia.

Sasa sikiliza. Chumba cha mwisho katika ploti yetu kilikuwa kimepangwa na msichana aitwaye Kagendo, mtu wa upande wa Meru, aliyekuwa akiosha vyombo katika mkahawa mmoja mjini. Alikuja na mimba na kijifuko cha nguo, kwao wamemfukuza. Alikuwa na umri kama wangu na kicheko kama changu. Wanawake wa ploti walimpita kama wanavyopita matope. Lakini Tata, ambaye ungedhani tumbo la Kagendo lingemchoma macho, ndiye aliyempelekea uji asubuhi na kumfumia blanketi dogo la mabaki ya uzi, rangi za shule zote za Nyeri zimechanganyika humo. Nilimuuliza, "Tata, huoni uchungu?"

"Naona," akasema. "Lakini uchungu ukipewa kazi haukusumbui sana."

Kagendo alijifungua hospitalini mtoto wa kike, na baada ya kujifungua damu ikakataa kukatika. Madaktari walipigana nayo. Akaaga dunia mchana, Tata akiwa amemshika mkono. Alichosema mwisho, Tata alituambia, ni kwamba mtoto asilie njaa. Kaka yake alikuja kuchukua mwili, kijana aliyechoka, koti limemzidi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mama yao alikufa zamani na baba yao amekataa kabisa kusikia habari ya mtoto. "Mama," alimwambia Tata, "mkiweza, mlindeni. Mimi sina mahali." Akatuachia kitoto kikiwa kimefungwa ndani ya lile blanketi la rangi nyingi.

Tata na Ndirangu wakapita kwa chifu, wakapita ofisi ya watoto, wakapita kwa pasta. Hayo yalichukua muda wake, mwanangu, sitakuchosha nayo. Kwa kifupi, mtoto akawa wa Ndirangu na Wambui, mbele ya sheria na mbele ya kanisa, na pasta akapanga Jumapili ya kumweka wakfu na kumpa jina.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Tata alitaka mtoto aitwe Nyaguthii.

Ndirangu aliinamisha kichwa. "Wambui, wewe unajua vile mama ataona. Ataona tumemcheka. Mtoto si wa damu yake. Tukimpa jina yake, ni kama tumemzika akiwa hai kwa shamba ya mtu mwingine."

"Na tukimpa jina lingine?" Tata akauliza.

Ndirangu alijua jibu. Kumpa mtoto wa kwanza wa kike jina lingine ni kumwambia kila siku ya maisha yake, wewe ni mgeni hapa.

Habari haikai mfukoni. Ilifika Kiganjo kabla ya hiyo Jumapili, na walioipeleka walikuwa wameitia chumvi. Wanawake wa mbari walisema jina haliazimwi. Mzee Kariuki alisema kama Wambui atathubutu, Cucu asimame hapo kanisani mbele ya watu wote akatae, na siku hiyo hiyo Wambui arudishwe kwao. Kwa hivyo, mwanangu, kila kitu kilikuwa juu ya ulimi wa yule mama mzee: ndoa ya Tata, na makao ya kitoto kisichojua hata kushika shingo.

Niliogopa sana. Nikamwambia Tata, "Si umwite tu Grace? Grace haina nyanya." Akacheka, yeye akacheka kabisa, akasema, "Muthoni, nikimwamini Mungu nusu, hiyo nusu ingine nitamwamini nani?"

Cucu alikuja Jumamosi, siku moja kabla ya ibada. Alikuja peke yake, bila viazi, bila ndizi. Alisimama mlangoni akijifunga leso upya kichwani. Ndirangu aliinuka, akakaa, akainuka tena. Mimi nilikuwa pale kwenye jiko la makaa, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na neno hata moja la kutangaza.

Cucu akaketi. Akakataa chai. Kwetu, mama mkwe akikataa chai, hapo ujue.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Maitu."

"Mmemwita nani?"

Nilimtazama Tata. Alikuwa amembeba mtoto begani, anampapasa mgongo. "Hatujamwita," akasema. "Tulikuwa tunakungoja. Jina ni lako. Mimi siwezi kuichukua kama mtu anaiba mahindi. Ukinipa, nitapokea. Ukikataa, nitakuheshimu, na kesho nitamwambia pasta atuombee tu."

Cucu alimwangalia muda mrefu. Alikuwa amekuja tayari kwa vita, nafikiri, na amekuta mlango umefunguliwa. "Watu wanasema si damu yangu."

"Wanasema ukweli, Maitu. Mimi pia si damu yako, na umekula viazi yako na mimi miaka hii yote."

Makaa yalilia kidogo. Halafu Cucu akaleta lile swali ambalo naamini lilimtoa Kiganjo asubuhi ile. Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa jibu lake.

"Na kesho Mungu akikufungua? Ukizaa msichana yako, ya tumbo yako. Huyo atakuwa nani? Utarudi kuniambia, Maitu, yule wa kwanza ilikuwa ya kushikilia tu, huyu ndiye wewe?"

Tata hakufikiri hata kidogo. "Nikizaa, huyo ataitwa mama yangu. Si ndiyo desturi? Wa kwanza ni wako, na wa kwanza ni huyu. Jina lako litakuwa limechukuliwa, Maitu. Haliko tena."

Mwanangu, uso wa yule mama uliyeyuka. Sijui niseme vipi tena. Miaka yote ile alikuwa amengoja mtu amwambie hana tena jina lake, limechukuliwa, lina miguu ya kulipeleka mbele. Alinyoosha mikono yake mirefu, yenye mishipa.

"Basi lete," akasema. "Lete hapa nijibebe."

Ndirangu alitoka nje. Alisema moshi umemwingia machoni, na makaa yale hayakuwa na moshi wowote. Cucu alimweka mtoto kifuani, akanusa kichwa chake, akaanza kumwambia habari zake: kwamba wewe Nyaguthii ulipokuwa msichana ulikuwa na mbio, kwamba wewe huwezi kula ndizi iliyoiva sana, inakuumiza tumbo. Alimweleza kila kitu, kama mtu anayejikumbusha. Halafu, bila kuangalia mtu, akasema, "Mama Nyaguthii, hakuna chai hapa?"

Mama Nyaguthii. Tata aligeuka mara moja, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Aliipika chai mwenyewe, hakuniruhusu kugusa sufuria.

Jumapili Mzee Kariuki alikuja kanisani, akakaa nyuma na kofia magotini. Pasta alipouliza jina, Cucu ndiye aliyelitaja, kwa sauti ya kutosha kufika nyuma alipokuwa mzee. Habari ya msichana wa watu wazuri haikusikika tena.

Watu huniuliza kama Tata alizaa baadaye. Hakuzaa. Najua ungependa niseme alizaa mapacha, hata mimi ningependa, lakini nikikudanganya hapa utaacha kuniamini pale pengine. Alimlea Nyaguthii, na kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Cucu aliishi miaka mingi ya kumtosha kumpeleka yule msichana shambani na kugombana naye kila siku, maana walikuwa na kichwa kigumu kinachofanana. Wageni walikuwa wakisema, huyu mtoto amechukua nyanya yake kabisa, na hapana mtu aliyewasahihisha.

Mimi nami sikuwa mtangazaji. Nilifungua kibanda cha masweta huko Karatina, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, nikapita mabonde yangu. Na kila nilipofika mahali pagumu nilimkumbuka yule mwanamke wa madarasa machache aliyejua kungoja bila kuchacha.

Sasa nikuambie yale ambayo nimekushikia. Kumtumaini Mungu si kukunja mikono. Tata aliomba, na mikono yake ilikuwa ikifuma. Alingoja mtoto, na huku akimpelekea uji mtoto wa mwenzake. Pili, usimpimie Mungu jibu lake. Wazee wetu husema Mungu hali ugali, kwa hivyo huwezi kumkaribisha mezani umgeuze mawazo. Mwombe unachotaka, mwombe kwa jina lake, hata kwa kulialia, yeye hachoki. Lakini jibu likija limevaa nguo ambayo hukuitarajia, usilifungie nje ukisema silijui. Lipokee lote, si nusu. Mungu akikupa kitu, kipe nafasi ya kwanza, usikifanye cha kushikilia tu ukingoja kingine kizuri zaidi. Na anayekuumiza, mwangalie vizuri kabla ya kumjibu, pengine anaogopa. Mungu hamtupi mja wake, na mara nyingi mkono anaotumia kukuokota ni huu huu wako, ulionyoosha kumwokota mwingine.

Nenda basi, mwanangu, na baridi isikupate. Mungu wa wale waliongoja na wakapokea akutangulie kila kona, akupe moyo usiochoka na mlango usiokuwa na kufuli. Wakuite kwa jina jema mahali ambapo hukutarajia kuitwa. Na utakapozeeka kama mimi, awepo mtu wa kukwambia kwamba hukupotea.